Mwongozo kamili wa kucheza Triangle Strategy: kura, vita na maamuzi yasiyorudi nyuma

Kama unapenda gemu za kupigana kwa zamu, zile za kupanga watu kwenye miraba na kuumiza kichwa kabla ya kugusa batani, na hapohapo unapenda stori nzito ambayo maamuzi yako ndiyo yanaigeuza, basi Triangle Strategy itengee muda. Ilitoka Machi 2022 kwenye Nintendo Switch, Oktoba mwaka huohuo ikaingia kwenye kompyuta, na walioitengeneza ni Square Enix wakishirikiana na Artdink. Shida ni kwamba watu wengi wanaianza wanaiacha njiani, wengine kwa sababu mwanzo maongezi ni mengi kuliko vita, wengine wanafika sura ya 7 wanachezea kichapo mpaka wanakata tamaa, na wengine wanafungua majibu mtandaoni kila wanapoulizwa swali, ambapo kwa kweli hapo unakuwa umejinyima kitu kitamu kuliko vyote humu ndani.

Mwongozo huu ni wa anayecheza mara ya kwanza. Nitagusa kwa undani sura ya 3 na sura ya 7 tu ili uone mambo yanavyokwenda, huko mbele nakuachia mwenyewe. Kama hutaki kujua chochote hata cha sura ya 7, ile sehemu ya mji wa Wolffort iruke utairudia ukishafika.

Kabla hujaanza

Ielewe kwanza dunia yenyewe, maana ukiikosa hapa kila mkutano utakuwa kelele tu masikioni. Bara linaitwa Norzelia na lina mataifa matatu. Aesfrost iko kaskazini kwenye baridi kali na ndiyo yenye chuma. Hyzante iko mashariki jangwani, ni taifa la dini, na ndiyo yenye chumvi. Glenbrook iko katikati, ina mto na ardhi nzuri, na inaishi kwa biashara ya kupitisha mali za hao wengine wawili. Miaka 30 kabla ya stori kuanza hawa watu walipigana vita kubwa ya kugombea chumvi na chuma, ikaitwa Saltiron War, halafu wakasuluhishana, na sasa wameungana kuchimba mgodi mmoja wa pamoja kama ishara kwamba yameisha. Shika hayo matatu kichwani, nani ana chuma, nani ana chumvi, nani yuko katikati, kwa sababu karibu kila hoja utakayoisikia mpaka mwisho inarudi hapohapo.

Wewe ni Serenoa, kijana mrithi wa nyumba ya Wolffort, yaani ukoo mkubwa wa Glenbrook. Unaanza stori ukimpokea mchumba wako Frederica kutoka Aesfrost, ndoa iliyopangwa na wakubwa kwa ajili ya amani. Rafiki yako wa damu ni Roland, mtoto wa mfalme. Na kuna mzee Benedict, msimamizi wa nyumba tangu enzi za baba yako, ambaye kila anachosema amekipigia hesabu mara mbili. Hawa watatu wachunguze sana tangu dakika ya kwanza, wanachoongea mwanzoni ndicho watakachokuja kukukaba nacho baadaye.

Lugha: hakuna Kiswahili humu, sauti ni Kiingereza au Kijapani na maandishi ni mengi kwelikweli. Kama Kiingereza chako ni cha kawaida usiogope, maongezi hayakimbii, yanakusubiri ubonyeze, na katikati ya maongezi unaweza kufungua taarifa za anayeongea ukakumbushwa ni nani, ametoka wapi, ana cheo gani. Itumie hiyo kila jina linapokupotea. Mi nashauri uwe na daftari pembeni uandike majina na nani yuko upande wa nani, kizamani hivyohivyo, inasaidia kuliko unavyodhani.

Ugumu: kuna ngazi nne, na unaweza kubadilisha wakati wowote bila kupoteza kitu. Anza na ya kawaida. Ya kawaida ya gemu hii si laini, itakubana, lakini inakulazimisha ujifunze. Ukikwama mahali na unachotaka ni stori iendelee, shusha, maliza pambano, pandisha tena, hakuna anayekudai.

Na kusevu: nafasi ziko nyingi, usiwe unaandika juu ya ileile. Weka sevu mpya kila sura inapoanza na nyingine kabla ya kila kura. Kama unatumia kompyuta ya mezani na umeme wa kwenu ni wa kukatika katika, ndiyo kabisa usiende masaa mawili bila kusevu.

Hatua ya kwanza: jibu maswali kwa moyo wako

Kuna wakati mtu anamuuliza Serenoa kitu na unapewa majibu matatu. Hayo majibu hayana sahihi wala kosa. Kila moja linaongeza kimyakimya moja ya misimamo mitatu ambayo gemu inaita Utility, Morality na Liberty. Ya kwanza ni mtu wa kuangalia faida na matokeo, kipi kitatuokoa. Ya pili ni mtu wa haki, kipi ni kitendo chema hata kama kinauma. Ya tatu ni mtu wa uhuru, kila mtu aachwe achague maisha yake. Mara ya kwanza unacheza hizi namba huzioni kabisa, zinaongezeka gizani, na siyo kwa majibu tu hata unavyopigana na unavyozunguka zunguka vinachangia.

Misimamo hii inafanya kazi mbili kubwa. Moja, inaamua kama watu wako watakuelewa unapowashawishi. Mbili, inavuta watu wapya kujiunga na wewe, kuna mganga, kuna fundi, kuna msanii wa sarakasi, kila mmoja anakuja pale msimamo fulani ukifika kiwango chake. Sasa watu wengi wakijua hilo wanaanza kuhesabu, leo nibonyeze hiki ili nimpate fulani. Usifanye hivyo mzunguko wa kwanza. Jibu kama wewe ungekuwa umekaa pale. Kikosi utakachokipata kitakuwa kimefanana na wewe, ukikutana na mchezaji mwenzako mkalinganisha vikosi mtashangaa mmoja ana watu ambao mwingine hajawahi hata kuwaona.

Hatua ya pili: pekua kila kona

Kabla ya mapambano mengi na kabla ya kura unapewa nafasi ya kutembea kwenye eneo, mji, kasri, kijiji. Hapa ndipo watu wanakimbia, wanaenda moja kwa moja kumaliza, na ni hasara. Ongea na kila mtu mwenye alama, askari wa mlangoni, mfanyabiashara, mama aliyesimama dirishani. Okota kila kinachong'aa chini, ni dawa na pesa, mwanzoni pesa ni ngumu.

Cha maana zaidi ni taarifa. Baadhi ya watu wakikuambia kitu gemu inakionyesha kwamba umekipata kama taarifa rasmi, inahifadhiwa. Taarifa hizo ndizo silaha zako siku ya kura, zinafungua maneno ya kumwambia mtu ambayo bila hizo yangekuwa yamefungwa. Ukiruka kupekua unaingia kwenye kikao mikono mitupu.

Kingine ambacho hakisemwi sana, eneo unalopekua mara nyingi ndilo utakalopigania dakika tano baadaye. Kwa hiyo ukitembea angalia ngazi ziko wapi, paa gani linapandika, njia gani nyembamba watu wawili hawapishani, wapi kuna majani makavu. Zungusha kamera. Vita ikianza wewe tayari unajua utasimama wapi.

Na kwenye ramani kubwa kati ya vita kunatokea stori za pembeni, fupi, zinaonyesha wakubwa wa mataifa mengine wanapanga nini. Ziangalie kabla ya kusogeza stori kuu, maana ndizo zinakueleza kwa nini adui yako ni adui, na wengine ukishawaelewa unawaonea huruma kabisa.

Hatua ya tatu: kura

Hapa ndipo roho ya gemu. Wewe ni bwana wa nyumba lakini mambo makubwa huamui peke yako. Inaletwa mizani, inaitwa Scales of Conviction, na watu wako saba wa karibu wanapiga kura: Roland, Frederica, Benedict, Erador, Anna, Hughette na Geela. Saba, kwa hiyo hakuna sare. Serenoa hapigi. Kazi yako ni kuwashawishi kabla, na wakishapiga mnakwenda walikosema wengi, hata kama wewe ulitaka kingine. Ndiyo, unaweza kushindwa kura kwenye nyumba yako mwenyewe.

Kura ya kwanza iko sura ya 3: mnakwenda ziara Aesfrost au Hyzante? Inaonekana nyepesi na ndiyo nzuri ya kujifunzia. Fanya hivi.

Kwanza, usiongee na wapiga kura wote mara tu unapowaona. Kila mmoja ana alama inayoonyesha anaegemea wapi au bado hajaamua, mzungukie kila mmoja usikie sababu zake, lakini ushawishi wenyewe ubakize mpaka umemaliza kupekua eneo lote, kwa sababu ukishaongea na mtu ukampa hoja yako umemaliza, nafasi ya pili hakuna.

Pili, hesabu. Unahitaji wanne. Kama watatu tayari wako upande wako, unamhitaji mmoja, basi tafuta ambaye hajaamua na umwekee nguvu zote, achana na yule aliyekaza shingo upande wa pili. Kuna wengine kwenye kura fulani ni jiwe, hata ungekuja na hoja ya dhahabu hawasogei.

Tatu, ongea lugha ya unayemwambia. Benedict ukimwambia habari za huruma atakusikiliza kwa heshima halafu atapiga kura yake ileile, mwambie nyumba ya Wolffort itapata nini na itapoteza nini. Frederica mguse kwenye utu, watu wanaoonewa, nani ataumia. Anna ni mpelelezi, anataka ukweli uliothibitishwa, si hisia. Erador ni mzee wa vita, ana mapenzi na nyumba na watu wake. Roland kichwa chake kiko kwenye heshima na deni la mtoto wa mfalme. Hizi siyo kanuni za kila mara, ila ukiwasikiliza vizuri kwenye maongezi ya kawaida utaanza kutabiri mwenyewe nani atakubali nini, na hapo gemu inakuwa tamu mno, unajikuta umesimamisha kila kitu unafikiria namna ya kumwingia mtu.

Nne, soma jibu lake baada ya kumwambia. Akisema amekuelewa na umemfungua macho, huyo wako. Akisema atalifikiria, usimhesabu, tafuta mwingine wa akiba.

Swali linaloulizwa sana: nikishindwa kura nirudishe sevu? Sevu ya kabla ya kura uwe nayo, lakini mara ya kwanza usiitumie kwa hilo, na nasema hivyo nikiwa namaanisha. Kwenda njia ambayo hukuitaka, ukawaona watu wako wanaishi na walichokichagua, ndipo unapoona waliotengeneza gemu hii waliweka moyo. Njia uliyoikosa utaipata mzunguko wa pili, haipotei.

Hatua ya nne: kambi

Kati ya mapambano unaingia kambini wakati wowote. Kuna duka, kuna mhunzi, kuna baa ambayo ndani yake unaweza kufanya mapambano ya mazoezi. Hayo mazoezi usiyadharau. Gemu imepangwa hivi: mtu aliye chini ya levo inayotakiwa anapata uzoefu mwingi kwa kila kitendo, halafu akishafika levo ya pambano anapata kidogo sana. Maana yake huwezi kukaa wiki nzima ukijinoa mpaka uwe jitu, lakini pia mtu uliyemwacha benchi kwa muda mrefu unamnyanyua haraka tu. Tena hata ukishindwa pambano, uzoefu mliopata unabaki. Kwa hiyo hakuna kichapo cha bure.

Silaha kila mtu ana yake, hakuna kubadilishana, unaziboresha kwa mhunzi kwa pesa na malighafi kama mbao, mawe, nyuzi na chuma. Malighafi ni chache mwanzoni. Chagua watu sita saba unaowatumia kila siku uwawekee wao, ukigawa kidogokidogo kwa kila mtu utafika sura ya 7 na jeshi la wanyonge. Zile medali za kupandisha daraja nazo hivyohivyo, chache, wape kwanza wanaobeba timu: anayeponya, anayezuia, na mpiga uchawi wako mkuu.

Kuna pointi zinaitwa kudos, unazipata ukipigana kwa akili, kumpiga mtu mgongoni, kumbana katikati, mambo kama hayo. Unazitumia kambini kununua vitu adimu pamoja na Quietus, ambazo ni mbinu za dharura, kila moja mara moja tu kwa pambano. Nunua na uzitumie. Watu wanazibana mpaka mwisho wanamaliza gemu hawajawahi kuzigusa.

Hatua ya tano: vita

Chini ya skrini kuna mstari wa zamu, unaonyesha nani anafuata nani. Huo mstari usomwe kila zamu kabla hujafanya lolote. Zamu hazibadilishani upande kwa upande, zinafuata kasi ya kila mtu, kwa hiyo swali la kujiuliza daima ni hili: nikimaliza mimi, nani wa adui anakuja kabla mganga wangu hajapata zamu? Ukijibu hilo umeshinda nusu ya mapambano ya gemu hii. Serenoa ana pigo la kumchelewesha adui zamu yake, litumie kwa yule aliyekaribia kucheza na ndiye mwenye kuua.

Kila mbinu inakula TP, zile nukta chini ya jina la mtu, na kila zamu unarudishiwa moja. Usimwage zote zamu ya kwanza. Mchawi aliyeishiwa TP ni mzigo, anabaki kugonga watu na fimbo.

Nafasi uliyosimama inashinda levo. Ukiwa juu unapiga kwa nguvu zaidi, mishale inafika mbali zaidi, na aliye chini kipigo chake kinapungua. Ukimpiga mtu mgongoni ni pigo zito la uhakika. Na ukimweka adui katikati, mtu wako mmoja huku na mwingine upande wa pili kabisa, mmoja akipiga yule wa pili anaongezea pigo bure. Hii ya kubana katikati ndiyo mkate wa kila siku, panga mwendo wako wote kuitafuta. Na kwa kuwa adui naye anaijua, ukimaliza zamu gemu inakuuliza ugeukie wapi: geuza mgongo ukutani au kwa mwenzako, usibonyeze tu haraka haraka.

Ardhi nayo inapigana. Moto ukiwasha majani yanaungua na anayesimama hapo anaumia. Barafu ikipigwa moto inayeyuka inakuwa dimbwi, na dimbwi likipigwa radi umeme unasambaa kwa wote waliosimama majini. Frederica ni wa moto tangu mwanzo. Ukija kumpata Ezana, mwenye uwezo wa mvua na radi, au Corentin wa barafu, anza kufikiria kwa mfululizo, huyu anaandaa, yule anamaliza.

Kuhusu watu wa mwanzo: Erador awe mbele kwenye njia nyembamba, akiwachokoza maadui wanamfuata yeye na wanawaacha wengine. Geela, mponyaji wenu, akae nyuma yake hatua mbili, mlinde kama mboni ya jicho. Hughette anaruka na ndege wake, mpeleke kwenye paa tangu zamu ya kwanza, ana mishale ya kumfunga mtu asitembee na ya kumtia upofu, ambayo kwa adui mzito mara nyingi inafaa kuliko kumpiga. Anna anafanya vitendo viwili kwa zamu moja, anafaa kujificha, kuzunguka nyuma na kuchoma migongo. Benedict anaongezea wenzake nguvu na ulinzi, usimpeleke mstari wa mbele kwa sababu tu ana mwili wa askari. Roland juu ya farasi wake anachoma watu wawili waliopangana kwa mstari, ana kasi, lakini ngozi yake ni laini, aingie, apige, asibaki peke yake kule.

Dawa kila mtu anaweza kutumia. Jaza mfuko. Na aliyeanguka vitani hafi moja kwa moja, pambano likiisha yupo, kwa hiyo kama kumtoa mtu mmoja ndiko kunakoleta ushindi fanya bila kusita.

Mwisho kabisa wa hili, soma masharti ya ushindi kabla ya kuanza. Kuna mapambano ya kumaliza wote na kuna ya kumwangusha kiongozi tu, na ukikuta ni ya kiongozi mipango yako yote ibadilike: mvute, mtenge, mshukieni yeye.

Sura ya 7: mji wa Wolffort

Sasa hapa, kama hutaki kujua, ruka.

Aesfrost wamevamia Glenbrook, mambo yameharibika, na Roland amekimbilia kwenu. Jeshi la Aesfrost linakuja mlangoni na ujumbe mmoja: tupeni mtoto wa mfalme. Kura ni kumtoa Roland au kumlinda. Roland mwenyewe yupo kwenye hao saba na anapiga kura juu ya shingo yake. Nyumba yenu ni ndogo mbele ya jeshi lile, wananchi wako mjini na watoto, na rafiki yako amekaa palepale anakuangalia. Kwa maoni yangu hii ndiyo kura iliyoandikwa vizuri kuliko zote, usiipige ukiwa na haraka ya kulala.

Mkimlinda, kwenye pambano la mjini unakuta kumeandaliwa mitego ya moto. Ukiiwasha inateketeza maadui vibaya sana, pambano linakuwa rahisi, lakini inateketeza na nyumba za watu wako. Gemu haikukatazi. Inakuachia.

Ushauri wangu ni kutoiwasha, kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua mwenyewe. Ya pili ni kwamba mwishoni stori ina njia tatu za wazi na ya nne iliyofichwa, na kutowasha moto hapa ni moja ya masharti yake. Masharti mengine siyataji, ila jua kwamba gemu inakumbuka ulichofanya hapa.

Kushinda bila moto inawezekana, inataka subira. Usishuke kuwafuata. Wao ni wengi na wanakuja, waache wapande kuja kwako. Weka Erador kwenye njia ya kupandia, wapiga mishale na wachawi kwenye mapaa na sehemu za juu, na kila adui anayefika karibu mmalizieni mmoja mmoja, watu watatu kwa mmoja, kabla ya kugusa anayefuata, adui mwenye uhai nusu anapiga sawa na mzima. Avlora, jenerali wao, kipigo chake ni kizito mno, mtu mwepesi anaondoka naye kwa mapigo mawili. Asikutane na Geela wala Frederica kwa namna yoyote, ona anaweza kufika wapi kila zamu na waondoe kwenye eneo hilo. Mcheleweshe na Serenoa, mbane katikati, mpige kutoka juu. Quietus ulizonunua, siku yake ndiyo leo. Ukishindwa mara ya kwanza watu wako wana uzoefu mpya, pitia mhunzi na baa, rudi.

Na kama kura ilikwenda upande wa kumtoa Roland, endelea tu, stori haifungwi hapo, inachukua njia yake na ina mapambano yake na maumivu yake.

Mzunguko wa pili

Ukimaliza, na mzunguko mmoja unakula zaidi ya saa 30, anza tena kwa kutumia sevu ileile ya kumalizia. Watu wako, levo zao na vitu vyenu mnaingia navyo, maadui nao wanapanda levo kwa hiyo hakuna ubwete. Safari hii misimamo ile mitatu unaiona kwa macho, kila jibu linakuonyesha linaongeza nini, na hapa sasa ndipo pa kuhesabu na kuwafuata wale watu uliowakosa, na ndipo pa kutafuta ile njia ya nne kama hukuipata.

Anza kwa kugeuza kura ya sura ya 3. Kama ulikwenda Hyzante nenda Aesfrost, kama ulikwenda Aesfrost nenda Hyzante, maana utakachokiona upande ule kinabadilisha kabisa unavyowasikiliza watu sura za mbele. Maongezi uliyokwisha kuyasoma unaweza kuyaruka, ila vikao vya kabla ya kura kaa uvisikilize vyote hata kama unadhani unavijua, kwa sababu hoja wanazotoa zinategemea mmepita wapi, na yule uliyezoea yuko upande wako safari hii anaweza kuwa wa kwanza kukupinga.